Tazama Mpaka Mwisho

Zabron sijawahi kumwona kwa macho, lakini sauti yake naijua kuliko ninavyoijua ya marehemu baba yangu. Ni nzito, ya kujivutavuta, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote. Timotheo alikuwa ananisikilizisha zile sauti alizotumiwa kwenye simu, tumekaa benchi la mbele, mimi najifanya nahangaika na nyaya za spika. "Msikilize huyu mwehu," ananiambia, na anacheka kabla hata hajabonyeza. Basi namsikiliza. Mtu akitaka kukuumiza kwa wivu asikuonyeshe picha ya mpinzani wako, akusikilizishe sauti yake tu, inatosha.

Sauti ndiyo kazi yangu. Naitwa Hashimu, na hapa Lushoto mjini nina kibanda umiza nyuma ya soko: mabenchi, runinga moja kubwa, spika mbili na maikrofoni. Sinema inakuja kwa Kichina au Kihindi au Kikorea, mimi nashika maikrofoni na kuisimulia kwa Kiswahili, kila mhusika na sauti yake. Lugha zenyewe sijui hata moja na sijawahi kuzihitaji. Naitazama sinema kwanza peke yangu, nasoma nyuso, kisha natunga. Kuna kanuni moja tu ambayo DJ, msimuliaji kama mimi, hathubutu kuivunja, nayo ni kwamba staringi, yule shujaa wa sinema, hafi. Ukimuua staringi, wateja wanakurushia maganda ya miwa. Kwa hiyo akifa kwenye picha, mimi nasema amezimia, au aliyekufa ni pacha wake, au nakata pale pale na kutangaza sehemu ya pili. Watu wanatoka wameridhika, wanaendelea kubishana njiani.

Kabla hajashuka Dar, Timotheo alikuwa wangu. Nalisema wazi humu ndani kwa sababu nje silisemi. Kwao ni Kwai, Walutheri wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Sisi ni Waislamu tunaolima karoti bondeni. Mavuno yakizidi, kwetu huwa tunakodi vijana wa kuosha karoti mtoni, na karoti huoshwa kwa miguu: mnazimwaga kwenye kidimbwi, mnaingia, mnashikana mabega msiteleze, mnazikanyaga mpaka udongo utoke. Tulianzia hapo, maji baridi yametufika magotini, mkono wake begani kwangu. Karoti zilikwisha, zikapakiwa, na yeye mkono hakuutoa. Baada ya hapo tulikula sahani moja na kulala chumba kimoja miaka, na hakuna aliyeuliza, maana vijana kulala chumba kimoja hapa kwetu si habari.

Kisha akapata kazi Dar ya kupamba kumbi za harusi, kwa huyo Zabron. Mchana walifunga vitambaa na maua kwa ajili ya ndoa za watu. Ijumaa jioni Zabron alifunga mapazia ya nyumba yake mwenyewe, wakaingia wanaume wa namna yetu, na sherehe ikaanza, Jumatatu haijaisha. Timotheo alinitumia picha. Amepakwa vitu vya kumetameta mashavuni, shati la hariri, vifungo wazi, anacheka mdomo wote wazi. Mimi sikuwahi kumchekesha namna ile. Aliniita niende, akaniita tena, nikamjibu karoti ziko shambani. Pombe zikawa za asubuhi, vidonge vikafuata, kisha ile poda ya puani ambayo hata jina lake alinitajia kwa kunong'ona. Nilimwambia aache. Akaniambia nina wivu. Alikuwa sahihi, na nilikuwa sahihi pia, na hayo mawili hayakutusaidia.

Wakati wa mvua za masika akarudi Kwai, macho ya manjano, mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki. Daktari wa hospitali ya Bumbuli alimwambia ini limechoka na kwamba akirudia yale maisha, wao hawatakuwa na la kumfanyia. Mama yake, Efrazia, akamweka chumba cha nyuma, maziwa asubuhi, makande jioni. Alipopata nguvu kidogo akaanza kuja kibandani kwangu kila siku. Sitaki kudanganya, nilifurahi. Alikuwa amekonda na amechoka na nusu ya akili yake iko Dar, lakini alikuwa amekaa benchi langu.

Halafu ikaja ile flashi. Zabron aliituma kama kifurushi cha basi, imefungwa kwenye utepe wa harusi, na siku hiyo hiyo akatuma sauti fupi: "Timo, hii sinema ni sisi. Itazame mpaka mwisho." Basi, hakuongeza neno. Timotheo akaja nayo mbio Jumamosi, mashavu yamepata rangi kwa mara ya kwanza tangu arudi. Kwao hakuna cha kuchezea flashi. "Nitafsirie," akasema. "Kesho, mama akiwa kanisani."

Nilifunga kibanda jioni ile nikaitazama peke yangu. Lugha sikuijua, labda Kireno, labda Kihispania, lakini nyuso nilizisoma zote. Kijana mwenye hereni anaingia mjini. Anapendana na mwanamume mwenye miwani, mtu wa kupika na kuosha vyombo na kufungua madirisha. Kisha anakutana na mwenye ndevu, mwenye nyumba kubwa, na humo ni sherehe juu ya sherehe: wanaume wameacha vifua wazi, taa nyekundu zinawaka na kuzima, wanawekeana vidonge kwenye ndimi. Kijana anacheza, anatapika, ananawa uso, anarudi kucheza. Mwenye miwani anachoka, anafunga begi katikati ya sinema na haonekani tena. Mwisho kijana anaanguka bafuni. Mwenye ndevu anampakata, anampigapiga mashavu, anambeba mgongoni ngazi zote mpaka barabarani, analia mpaka kamasi. Kijana anafia pale barabarani. Picha ya mwisho ni jeneza, na nyuma yake mwenye ndevu anatembea peke yake.

Nilikaa mbele ya runinga nimekasirika. Kifo hakikuniuma sana, watu wanakufa kwenye sinema kila siku. Kilichoniuma ni kwamba mtu mwema ameondoka na begi lake, na yule mwovu ndiye aliyebaki kulia. Niliona Zabron amenitumia mimi hiyo sinema, aniambie kwamba yeye ndiye mwenye machozi na mimi ni muosha vyombo. Nikasema haya, bwana, kesho tutaona nani ana maikrofoni.

Jumapili asubuhi nikatia komeo ndani. Timotheo akakaa benchi la mbele amejifunika shuka la mama yake. Mwenye miwani nikampa sauti yangu mwenyewe, wala sikuibadilisha. "Rudi nyumbani," nikamsemesha, "chai iko mezani, na madirisha nimefungua." Timotheo akageuka akanitazama.

"Huyo ni wewe," akasema.

"Tazama mbele."

Mwenye ndevu nikampa sauti ya Zabron, nzito, ya kujivutavuta. Niliipata barabara, mpaka Timotheo akashtuka. Na kwa sauti hiyo nikamsemesha kila uchafu niliokuwa nimeuweka moyoni. "Kunywa, mtoto wa milimani. Ukiisha wewe nitaagiza mwingine. Milimani wako wengi." Mwenye miwani alipofunga begi nikasema anakwenda kumwuguza mama yake na atarudi. Tulipofika bafuni nikaongeza muziki ili kilio kisisikike. Midomo ya mwenye ndevu ilikuwa inatetemeka, mimi nikasema, "Amka, unanitia aibu mbele ya wageni wangu. Polisi wakija nitawaambia sikujui." Akamwinua, akamtia mgongoni. Hapo mkono wangu ukakataa kuendelea. Nikachomoa flashi.

"Amezimia tu," nikasema kwenye maikrofoni. "Kesho yake anaamka, anarudi kwao, na mwenye miwani anampokea mlangoni. Sehemu ya pili inakuja."

Timotheo aliendelea kuitazama runinga iliyozima. Kisha akaniuliza polepole, "Kwa hiyo anaamka?"

"Staringi hafi," nikamjibu. "Leo ndiyo unajua?"

Siku ile alikula makande sahani mbili, akaimba akiosha mikono. Mimi nikajipongeza, nikajua Zabron ameisha. Tulipokuwa tunakunja shuka ndipo akasema, bila hata kunitazama, kwamba Alhamisi anashuka Dar. Ni siku ya kuzaliwa ya Zabron. Atakaa kidogo tu.

"Umesahau alichokuambia daktari?"

"Sijasahau. Nilikuwa naogopa, Hashi. Ile flashi ilipofika nilidhani Zabron ananiambia nitakufa. Usiku sikulala. Kumbe yule anazidiwa, anaanguka, na bado anaamka." Akatabasamu. "Na Zabron umemtukana kwa sababu una wivu, najua. Nimekusamehe."

Ningeweza kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa mawili matatu tu. Lakini kumwambia yule kijana amekufa ni kumwambia pia nani alimbeba, nani alilia, nani alitembea nyuma ya jeneza, na mimi sikuwa tayari kumpa Zabron hata kamasi moja. Nikachukua njia ya mpumbavu. "Nenda basi," nikamwambia. "Ukifika msalimie." Akaondoka amekasirika, na siku zilizofuata hakuja kibandani.

Alhamisi asubuhi nilikuwa sokoni nanunua betri za maikrofoni, nikamkuta mama Efrazia kwenye viazi, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukumsindikiza mwenzio? Amekwenda Bumbuli kwa daktari, ameondoka alfajiri na begi. Amesema huenda wakamlaza."

Bumbuli mtu haendi na shati la hariri, na nilijua lile la picha za Dar limo begini. Mama yake akaendelea kuchagua viazi.

"Namwombea tu. Yule bosi wake naye hana amani, Zabron. Ananipigia kila Jumamosi kuuliza amekula nini. Juzi nikampigia mwenyewe nikamwambia sasa anakula, anacheka, akashukuru mpaka nikaona haya."

"Zabron anakupigia wewe?"

"Si ndiye aliyemleta. Timotheo hajui, alikuwa hajitambui. Gari halikuweza kupanda kwetu, matope, yeye mwenyewe akambeba mgongoni kutoka barabarani mpaka kitandani. Akakaa jikoni kwangu akalia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zake, nikampa chai hakuinywa. Akaniambia, 'Mama, akisema anataka kurudi kwangu mfungie mlango. Mimi kumfukuza siwezi, moyo haunipi, na akija nitampokea na nitamuua.' Nikasema huyo bosi ni mtu wa Mungu." Akanipa viazi viwili nipime jinsi vilivyo vizito mkononi. "Akasema atatafuta namna ya kumwonya mwenyewe, namna ambayo ataielewa."

Nilisimama na vile viazi. Itazame mpaka mwisho. Kumbe hakuwa anamwita. Alikuwa anamfungia mlango kwa njia pekee aliyoiweza, na mimi nikaja na maikrofoni yangu nikaufungua. Na alimbeba. Nilijipa miwani, nikajipa chai na madirisha, na wakati natunga hayo yote, Zabron alikuwa ameshambeba mtu kweli, kwenye matope ya Kwai, hatua chache kutoka mlango ambao mimi naujua tangu ujana. Nilimwonea wivu Zabron pale sokoni kuliko siku zote zilizopita. Lakini miguu ilikuwa tayari inakwenda stendi.

Sinemani ningefika basi linang'oa nanga, ningelifukuza. Hapa kwetu basi la Dar linasubiri lijae. Timotheo alikuwa amekaa dirishani, ameshavaa shati la hariri, uso umenyolewa vizuri. Nikapanda nikakaa kiti cha pembeni yake, konda akanitazama na viazi vyangu.

"Shuka," nikamwambia.

"Usianze."

"Yule kijana alikufa. Hakuna sehemu ya pili. Nilikata."

Hakugeuka. "Wivu," akasema taratibu. "Ukishindwa huku unajaribu kule. Jumapili anaamka, Alhamisi amekufa. Kesho utaniambia nini?"

Na alikuwa na haki. Ningeapa kwa msahafu asingeniamini, kwa sababu kila neno langu juu ya Zabron tangu mwanzo lilikuwa na chumvi ya wivu, naye alizoea kuionja. Nikaona kwamba yapo maneno ya aina moja tu atakayoyaamini kutoka kwangu, yale ambayo mtu mwenye wivu hawezi kuyatunga. Nikakohoa kwanza. Nimewahi kusimulia vita na mafuriko bila kukohoa.

"Mwenye ndevu hakumtukana," nikasema. "Yale ni yangu. Alikuwa anamwita jina lake. Alimbeba ngazi zote, akalia mpaka pumzi ikakata. Yule wa miwani aliondoka na hakurudi. Kwenye mazishi mwenye ndevu alikuwa peke yake." Lililobaki ndilo lilikuwa zito. "Na wewe pia alikubeba. Hukuja Kwai kwa miguu yako. Zabron alikubeba mgongoni kwenye matope, akalia jikoni kwa mama yako, na anapiga simu kila Jumamosi kuuliza umekula nini. Alimwambia mama kwamba ukirudi kwake atakupokea na atakuua, kwa sababu hawezi kukufukuza. Ndiyo maana akatuma sinema. Alitaka uone mwisho. Muulize mama."

Timotheo aligeuka sasa. Alinitazama usoni muda mrefu, namna mimi ninavyozitazama nyuso kabla ya kutunga.

"Kweli alilia?"

"Alilia."

"Wewe unamsifu Zabron," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Akaushika mkanda wa begi. "Basi ni kweli."

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Timotheo alishuka kwanza, mimi nyuma yake, na konda akatufokea wote wawili mpaka tukavuka barabara.

Tulikwenda moja kwa moja kibandani. Nikatia komeo, nikaweka flashi, nikaenda kuchukua maikrofoni kwa mazoea tu, mkono ulijiendea.

"Zima maikrofoni," akasema. "Usitafsiri. Nataka kumsikia yeye."

Tukatazama toka mwanzo, kwa ile lugha ambayo hatuijui, nimekaa pembeni yake na mikono mitupu. Ilikuwa mara ya kwanza katika kibanda kile kukaa bila kazi. Sherehe zilipita, taa nyekundu, vidonge, matapishi, kunawa uso. Timotheo alilifunga lile shati vifungo mpaka shingoni. Tulipofika bafuni sauti ya mwenye ndevu ikatoka kwenye spika zangu ilivyo, haikuwa nzito wala haikujivuta, ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. Timotheo alilia pale, na jeneza lilipotokea akalia zaidi. Nilimshika bega namna ya zamani ya mtoni. Hakuutoa mkono wangu, ila hakuuegemea.

Runinga ilipozima akafuta uso kwa kiganja, akatoa simu mfukoni.

"Hashi, naomba dakika."

Nikatoka nje nikasimama kwenye jua, mgongo kwenye ubao. Kibanda changu ni cha mbao na mabati, hakizuii kitu. Ndani aliirekodi sauti yake na kumtumia Zabron.

"Nimeona mpaka mwisho," alisema. "Siji. Usinisubiri."

Hayo tu. Na hiyo ndiyo habari niliyoitaka tangu masika: anabaki Kwai, atakunywa maziwa ya mama yake, atapona Mungu akipenda, na kila siku atakaa benchi langu la mbele. Nimeshinda, kama huku ni kushinda. Maneno yake nayaweza kuyarudia, nimeshayarudia hapa neno kwa neno. Lakini nimeigiza wafalme, vikongwe, majini na mbwa, na ile sauti aliyoyasemea sijawahi kuisikia mdomoni mwake tangu siku ya karoti. Mimi hakuwahi kunisemesha kwa sauti hiyo hata mara moja, na siwezi kuiigiza.